Kovu Lako, Dada, na Mafundi Wasiotaka Kurudi Kwao

Gitega, Jumapili, mvua inapiga mabati

Kwa Dada yangu Konso, huko Gasorwe,

Kuanzia leo usiniite tena Dezire. Niite Bingwa wa Moyo. Pita milima yote kati ya hapa Gitega na huko Muyinga, gonga kila nyumba, uliza, hutampata mtu anayeujua moyo wa binadamu kunishinda mimi. Dokta mwenyewe nimemweka namba mbili, na hata hiyo namba mbili nimempa kwa heshima. Mimi niliyeachia darasa la tano! Mimi uliyenichapa kwa kijiti cha mkaratusi kwa sababu saba mara nane ilikuwa inanikimbia. Bado inanikimbia. Lakini niulize habari za moyo uone.

Kabla hujaanza kunicheka, pokea salamu. Mama anaendeleaje? Kiuno chake kimemwacha aende shambani au bado anatembea amekishika kama mtu aliyepoteza ufunguo? Na wewe je? Nataka ukweli, si ule ukweli wa kumfurahisha Mama. Ukitoka kuchota maji, unapumzika mara ngapi kabla ya kufika nyumbani? Ulipokuja huku ulisema mara mbili. Mama alininong'oneza mara nne. Kwenye karatasi ya Dokta nimeandika mara tatu ili msigombane. Miguu inavimba jioni? Unaweza kulala chali, au mpaka uegemee? Haya si maswali ya adabu tu, ni ya kazi. Sisi wakubwa wa moyo ndivyo tunavyosalimiana.

Mimi ni mzima. Gitega asubuhi ina ukungu na baridi ya kukata masikio, ila nimepata sweta la kijani linalonifanya nifanane na mwalimu. Chakula kipo, maharage na ndizi, na ugali wa muhogo ambao mama mwenye nyumba anausonga mgumu kama tofali. Kirundi changu bado wanakicheka. Nikifungua mdomo tu, wanasema, "Huyu ni wa Tanzania." Nawajibu kwamba babu yangu alizikwa Gasorwe kabla ya babu zao kujua kuvaa viatu. Mmoja aliwahi kunipa hata kiti.

Sikupigi simu kwa sababu simu ni ya jirani, naye anaweka spika, kilima kizima kinajua hali ya moyo wako kabla yako. Barua hii inakuja na yule mama mfanyabiashara wa maharage anayepita Gasorwe kila wiki. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Dokta, ya Kifaransa. Hiyo mpe muuguzi wa kituo chenu, usiikunje. Hii nyingine ni yako.

Na najua unafanya nini sasa hivi. Macho yako yameshateremka chini ya ukurasa kutafuta majibu ya kipimo. Rudi hapa, mwanamke wewe! Hufi. Hilo nimekupa bure. Mengine yafuate foleni, kwa sababu nikikupa majibu bila kukufundisha utafanya kama ulivyofanya na zile dawa za minyoo, utakunywa siku mbili uache.

Nilipoondoka niliwaambia naenda kufyatua matofali ya ukuta mpya wa hospitali, na ni kweli nilifyatua. Ukuta ukaisha, wenzangu wakaenda zao, mimi nikabaki. Nikakuta kuna daktari wa moyo ambaye chumba chake cha kupimia hakina mtu wa kukisafisha. Basi nafagia, naosha vichupa, nabeba maboksi ya barafu yenye damu za watu. Niliwaandikia kwamba mimi ni msaidizi wa maabara. Sasa mnajua msaidizi anasaidia nini.

Dokta Zaituni umemwona mwenyewe, yule mfupi mwenye hijabu na sauti ya mwalimu wa zamu. Ni mtoto wa fundi cherehani, katika zile familia za Waislamu wa mjini ambazo Kiswahili wanacho tangu tumboni. Lakini Kiswahili chenyewe, Dada! Kimekwenda peku mpaka Kongo kikarudi. Anasema "bagonjwa" kwa wagonjwa. Anasema "iko" kwa kila kitu, mtu iko, meza iko, homa iko. Nikajisemea, huyu mama atanifundisha nini? Nilikosea. Wakati wa vita alikuwa mbali anasoma, na amani ilipokuja alirudi kama sisi, ila sisi tulirudi kutoka kambini Tanzania na masufuria, yeye alirudi na hadubini.

Hadubini ni kile chombo cha kuonea vitu ambavyo jicho peke yake halivioni. Mwezi wa kwanza kazi yangu ilikuwa kuifuta vumbi. Siku moja akanikuta nimeinama nachungulia, akaniita kwa Kifaransa chake, yaani kijana mdogo.

"We petit! Iko unafanya nini apo?"

"Nafuta kioo, Dokta."

"Unafuta kioo na jicho?"

Nilidhani kazi imekwisha. Badala yake akafungua kisanduku, akatoa kioo chembamba, na katikati ya kioo kulikuwa na kipande cha moyo, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Alikipata kule alikosomea. Ni cha mtu aliyefariki, ndugu zake wakakubali kitumike kufundishia. Alisimama kidogo kabla ya kukiweka mahali pake, kama mtu anayepiga hodi. Nami nikavua kofia.

"Angalia. Unaona nini?"

Nikaona nyuzi nene nyeusi, zinacheza. Nikapiga kelele, "Nimeliona kovu, Dokta! Jeusi! Linatembea!"

"Iyo ni kope zako, petit."

Hilo usimwambie mtu.

Nilipolifumbua jicho vizuri nikaona. Walikuwa wamekipaka rangi ili kila kitu kijitaje. Nyama ya moyo ni nyekundu, mistari yake imelala pamoja kama matuta ya shamba lililolimwa na mtu mwenye akili. Halafu kati ya matuta inapita buluu. Buluu nzuri, ya kitenge ambacho hakijafuliwa. Pengine imekuwa njia, pengine imekuwa uwanja mzima na matuta yamemezwa. Nikamwambia Dokta kwamba ile buluu ni nzuri sana.

"Iyo nzuri ndiyo kovu," akasema. "Apo moyo haipige tena. Apo iko kamba tu."

Nikakuwaza wewe. Nikaomba nikitazame tena.

Kuanzia hapo kila nikifagia namuuliza, naye akipima anajibu. Sasa kaa vizuri, nikueleze kilichoingia kifuani mwako.

Ulipokuwa mdogo kambini ulikuwa unaumwa koo kila mara. Koo la kawaida, la watoto wengi wanaolala chumba kimoja. Kile kijidudu cha koo, sehemu zake fulani zinafanana na sehemu za moyo wa mtu. Nasema sehemu ndogo kabisa, zinaitwa molekuli, hata kwenye hadubini ile huzioni. Askari wa mwili wanajifunza sura ya kijidudu, wanakipiga, wanashinda. Halafu na hasira zao wanapita moyoni, wanakuta sura inayofanana na ile, wanasema, na huyu ni mwenzake. Wanaupiga moyo wa mwenye mwili. Ndivyo unavyopata jeraha ndani bila mtu kukugusa.

Dokta aliponieleza hayo nilimwambia kwamba habari ya kupigwa kwa kufanana na mtu mwingine sisi hatuhitaji kuisomea. Aliinuka akafunga dirisha, na siku hiyo hatukuendelea.

Haya. Palipo na jeraha panatakiwa mafundi. Ndani ya moyo kuna seli zinaitwa fibroblasti. Siku za amani ni watu watulivu, wanaziba nyufa ndogondogo na hakuna anayewajua majina. Jeraha likitokea wanaletewa ujumbe. Ujumbe wenyewe ni protini, inaitwa TGF-beta, na jina hilo nimelifanyia mazoezi mpaka mama mwenye nyumba akadhani nimeokoka nanena kwa lugha. Wakiupata ujumbe huo wanabadilika. Wanaota nguvu za misuli, wanaweza kuvuta, hata jina linakua, wanaitwa miofibroblasti. Wanaanza kusokota kamba, na kamba hiyo ndiyo kolajeni, ile buluu niliyoiona. Wanasokota, wanafungana mafundo, wanakaza, jeraha linafumba. Mpaka hapo tuwapigie makofi. Bila wao moyo ungepasuka.

Shida ni kuondoka. Na hapa, Dada, ninakuletea fikra yangu mwenyewe, ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Mafundi hawa wamekuja ikibiri. Unakumbuka nyumba ya Mama tuliporudi? Majirani walikuja wenyewe, wakainua kuta, wakakaa kuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, jua likizama wakaenda kwao. Ikibiri ndivyo ilivyo, unakuja, unafanya kazi ya mwenzio, unakunywa, unaaga. Kwenye ngozi mafundi wana adabu hiyo. Kidonda kikifunga, wengi wao wanajizima wenyewe na kutoweka. Moyoni hawaagi. Kwanza moyo haupumziki, unapiga usiku na mchana, unazivuta kuta. Pili, ule ujumbe wa TGF-beta umehifadhiwa ndani ya ukuta wenyewe, umefungwa kama barua kwenye bahasha. Fundi akivuta ukuta uliokwisha kuwa mgumu, bahasha inachanika, ujumbe unatoka, fundi mwingine anaitwa. Naye anavuta, nyingine inachanika. Ukuta unazidi kukauka, na unavyokauka ndivyo bahasha zinavyochanika upesi. Wanaitana wao kwa wao! Mwenye nyumba mtungi umeshamkaukia, ndani hana hata mtama wa kupandia, na wageni bado wanajenga. Dirisha wameshaziba. Sasa wanauzengea mlango.

Na wewe kovu lako limekaa hasa kwenye mlango. Ni mlango mmoja upande wa kushoto, damu inapitia hapo kutoka chumba cha juu kwenda cha chini.

Hii habari ya ikibiri imenipatia cheo, usidhani ni maneno ya barua tu. Jumanne ni siku ya wagonjwa wa moyo. Wanakaa kwenye benchi la nje, ukutani, kwenye ukuta wangu. Mzee mmoja, mkulima wa Nyarusange, alitoka kwa Dokta amenuna.

"Ananiambia moyo wangu una kovu," akasema. "Mimi sijawahi kuchomwa kisu hata cha kumenyea viazi."

Nikaegemeza ufagio nikamweleza. Kirundi changu kikichechemea nakishikiza kwa Kiswahili, Kiswahili kikigoma natumia mikono. Nikafika kwa mafundi wasioaga.

"Na siku zote hizo wanakunywa nini?" akauliza.

"Pumzi yako, mzee. Ndiyo maana ukipanda kilima inakuishia."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Basi wa kwangu ni walevi kabisa." Mzee hakucheka.

"Nikitaka kuwafukuza?"

Hapo kichwa kikanivimba, Dada. Watu kumi wananiangalia mimi, wa darasa la tano. Nikasema, "Kunywa dawa za Dokta, mzee. Mwezi ujao fundi hata mmoja hutamwona. Moyo mpya kama wa mtoto."

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

"We petit. Mi nilikutuma ufagie. Sikukutuma ufundishe bagonjwa bangu."

Nikaukumbatia ufagio.

"Na iyo ya mwisho iko uongo. Mwambie mzee ukweli. Wewe mwenyewe, mbele ya bote."

Nikamwambia. Kwamba kovu likishasokotwa halitoki. Kwamba dawa zinautuliza moyo usivute kuta kwa nguvu, na nyingine zinazima baadhi ya jumbe, mafundi wapungue kasi. Lakini kilichojengwa kimejengwa. Sauti yangu ilikuwa ndogo, walio mwisho wa benchi hawakusikia, wakaniambia nirudie. Nikarudia.

Mzee akanigeukia. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema. "Ukuta usiobomoka naweza kuishi nao. Mimi nakaa nyumba moja na shemeji yangu tangu tuliporudi." Wakacheka tena, na safari hii naye alicheka, mpaka akashika kifua na Dokta akamwambia akae.

Jioni akaniita ndani. Nikajua ni kufukuzwa.

"Iyo ya ikibiri umeitoa wapi?"

"Kichwani, Dokta."

"Mi nimesoma miaka na miaka. Ninabachorea picha, bananiangalia kama kuku anaangalia redio. We unakuja na ufagio, banaelewa." Akatikisa kichwa. "Sawa. Kila Jumanne, mbele ya mi kuanza, utabaeleza. Lakini ukiongeza uongo hata moja, unarudi kwa matofali yako."

Basi ndiyo hivyo. Kila Jumanne asubuhi mwanao, Mama unayesikiliza hapo, anasimama mbele ya watu. Wauguzi wenyewe wanatoka kusikiliza, wanajifanya wanatafuta mafaili. Nimepewa koti jeupe la zamani. Halina vifungo viwili, nimeweka pini. Wale walionicheka Kirundi sasa wananiita "Mwalimu wa ikibiri," na mimi sikatai.

Haya, majibu yako. Foleni imefika.

Unakumbuka ulivyolala pale kitandani, Dokta akapitisha kile kifaa chenye mafuta ya baridi kifuani, wewe ukacheka kwamba kinatekenya. Mimi nilikuwa naangalia kioo cha mashine. Niliuona moyo wako, Dada. Nimeuona kabla ya mwanamume yeyote, na hilo nitamwambia Nestori, mchumba wako, siku ya harusi. Mlango wako unafunguka kama mdomo wa samaki, haufunguki kama mlango. Dokta alipima, akapima tena, akatupa siku za kusubiri. Tulipokuwa kwenye benchi ukaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Dezi, wakisema nikapasuliwe nje ya nchi, nitamwambia Nestori aoe mwingine. Sitamfunga mtu wa watu kwenye ugonjwa wangu." Nilijua hukuwa unatania, maana ulikuwa unakunja ncha ya kitenge.

Sikiliza. Hupasuliwi. Mlango umebana, ila damu inapita ya kutosha. Nyama ya moyo yenyewe ina nguvu, Dokta alisema ina nguvu ya mtu wa kilimo.

Damu yako nayo imezungumza. Fundi akiweka uzi wa kolajeni anaukata ncha, na ncha hizo zinaelea kwenye damu. Dokta anazihesabu. Aliniambia baba yake, ukitaka kujua ameshona kiasi gani siku hiyo, hukumuuliza, uliangalia vipande vya nyuzi chini ya cherehani. Chini ya cherehani yako wewe vipo, lakini vichache. Mafundi wamepunguza mkono. Amenionya nisikudanganye, jambo hili bado yeye na wenzake wanalichunguza, huwezi kuamulia maisha. Lakini alipoangalia ile karatasi alitabasamu, na yeye tabasamu halipotezi ovyo.

Unachotakiwa kufanya ni sindano. Moja kila baada ya wiki nne, bila kuruka hata moja, kwa miaka mingi. Najua inauma, utakaa upande siku mbili. Hailiondoi kovu. Inakizuia kijidudu cha koo kisiingie tena, askari wasikasirike tena, jeraha jipya lisitokee, ikibiri mpya isiitishwe. Dokta amesema hivi, na haya ni maneno yake nimeyanyoosha tu. Kovu hatuwezi kuling'oa, lakini kulilisha tunaweza kukataa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini muuguzi atakupa. Ndoo ya maji ibebe nusu, tena si kichwani. Baada ya miezi sita urudi hapa, nami nitakupokea nikiwa na koti.

Na Nestori. Nilimuuliza Dokta mimi mwenyewe, kwa ujasiri ambao hata wewe huna, kama dada yangu anaweza kuolewa. Akaniuliza, "Uyo bwana anajua kubeba maji?" Nikasema ni fundi baiskeli, anabeba baiskeli mbili kwa mkupuo. "Basi iko sawa," akasema. Ila kabla hujashika mimba uje kwake kwanza, mpange, kwa sababu mimba inaupa ule mlango kazi kubwa. Nestori aje naye asikilize. Amesubiri jibu tangu mavuno, Dada. Mpe, kabla hajazeeka.

Nisalimie watu. Mjomba, mwambie ile redio yake aliyosema nimeiharibu ilikuwa imeharibika kabla. Shangazi wa ng'ambo ya bonde, mwambie nimenenepa, atafurahi. Jirani mwenye simu, katekista wetu, mwambie naenda kanisani karibu kila Jumapili. Nestori mpe mkono, lakini usimpe kwa nguvu, mimi kama kaka bado sijamkubali rasmi. Watoto wa dada yetu mkubwa wabebe mgongoni kwa niaba yangu, mmoja mmoja, tena mwambie Nestori awabebe, wewe umekatazwa. Na Mama, namshika miguu. Mwambie asiuze yule jogoo mwekundu, nikija nimkute.

Mimi mdogo wako, Dezire, mtaalamu wa Jumanne, Gitega.

Dada, simama hapa. Najua unamsomea Mama kwa sauti. Mwambie barua imeisha, aende akaangalie chungu. Ukurasa huu wa nyuma usome peke yako.

Umetoka nje?

Siku ile ya kipimo Dokta alikuuliza kama baada ya kurudi Burundi uliwahi kupata homa na magoti kuvimba. Ukasema ndiyo, mvua ya kwanza tuliyofika na mvua ya mwaka uliofuata. Akakuuliza kama kambini ulikuwa unachomwa sindano ya kila mwezi. Ukasema ndiyo. "Karte yako ya sindano iko wapi?" Ukasema kadi hiyo ilipotea kwenye lori. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimekushikia sweta, nikawa naangalia dirisha. Ulipotoka akaniambia kwamba zile homa mbili ndizo zilizowaita mafundi upya. Kovu la utotoni lilikuwa dogo. Ungeendelea na sindano, huenda lingebaki dogo.

Unaikumbuka siku ya kuondoka kambini, meza ya wauguzi kwenye foleni, wanaangalia nani anaweza kusafiri na nani hawezi. Wale majirani zetu binti yao alikuwa anakohoa, wakawekwa pembeni wote, lori likaenda bila wao. Mama alianza kusali. Nyumba yetu ilikuwa imeshaezuliwa paa, tumeshagawa kila kitu, hatukuwa na pa kurudi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikajiona nina akili kuliko kambi nzima. Karte yako ilikuwa ndani ya fundo la kitenge cha Mama. Mama alipogeuka kufunga sufuria, nikaichomoa wasijue unaumwa. Tulipofika mezani Mama akapapasa fundo, akapapasa tena. Muuguzi akakuona umesimama unacheka, akagonga muhuri.

Kituo cha afya cha kwanza tulichofikia huku walitaka karatasi inayotaja dawa. Mama hakujua jina la dawa. Alilikung'uta fundo lote chini, mbele za watu, akaomba msamaha kama mwizi. Wewe ulifurahi kwa sababu sindano ilikuwa inauma. Na mpaka leo kila akikuona unahema, Mama anasema yeye ndiye aliyepoteza karatasi ya mtoto. Nimelisikia neno hilo miaka yote hii, nikaendelea kula chakula chake.

Dokta nilimwambia juzi Ijumaa. Hakunifokea. Alisema nikuandikie kwa mkono wangu. Mama kuambiwa au kutoambiwa, amua wewe. Ukisema nije nimwambie mwenyewe, nakuja.

Karte haikupotea kwenye lori, Dada. Niliichana vipande vinne, nikavitupa kwenye shimo la choo, nikapanda lori naimba.